Fimbo Nne na Watoto Themanini

Mwalimu akiitwa ofisini hata kwa dakika tano, kiranja hushika chaki. Juu ya ubao huandika "Wapiga kelele", chini yake majina, na kwa asiyesikia huongeza neno "sana". Mwalimu akirudi, orodha iko tayari na fimbo iko mezani. Ndivyo wengi waliosoma Tanzania wanavyoikumbuka nidhamu ya darasani, na katika shule nyingi za Singida utaratibu huo ungali hai.

Una kasoro moja kubwa: hauulizi kelele zimetoka wapi.

Singida ni mkoa mkavu, wenye msimu mmoja wa mvua. Mtama na uwele vikianza kukomaa, kuna watoto wa wilaya za Ikungi na Mkalama wanaoamia ndege shambani kwanza, ndipo washike njia ya shule. Wengine wametoa mbuzi zizini kukiwa bado na giza. Ikifika saa tano, aliyeondoka nyumbani bila hata uji ama anasinzia, ama anamsumbua jirani yake. Ukimchapa atatulia kidogo, lakini njaa haijaondoka.

Kuna pia suala la idadi. Tangu Januari 2016, Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipoanza kutekelezwa na elimu kutolewa bila malipo, watoto wamemiminika shuleni, jambo la kushukuru kabisa. Lakini kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na mwalimu wa kijijini anaweza kujikuta mbele ya watoto themanini, wanne wakibanana kwenye dawati moja.

Anafanyaje? Mtafiti wa Marekani, Jacob Kounin, alirekodi madarasa kwa video na mwaka 1970 akachapisha alichokiona. Walimu wenye madarasa tulivu hawakuwa wakali kuliko wenzao. Tofauti yao na wengine ilianza kabla ya kosa: waliona kinachoendelea kila kona, na hawakuwaacha watoto bila la kufanya.

Hilo linawezekana hata bila kishikwambi wala projekta. Zoezi la kwanza huwa ubaoni kabla watoto hawajaingia. Mwalimu hufundisha akitembea. Akifika dawati la nyuma husimama hapo kimya, akiendelea na somo, na mazungumzo hukatika bila jina la mtu kutajwa. Huuliza swali kwanza, husubiri, kisha ndipo humtaja wa kujibu, ili wote themanini wafikiri. Aliyejibu vizuri hupigiwa makofi ya kilo. Mtundu naye hupewa kazi ya kugawa madaftari, na mara nyingi huifanya vizuri kuliko yeyote.

Sheria yenyewe haimpi mwalimu uhuru wa kuchapa ovyo. Kanuni za elimu za mwaka 2002 zinaruhusu viboko kwa makosa makubwa tu, visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu maalumu. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike, iwapo yupo shuleni. Kuongea darasani si kosa kubwa. Mwezi Agosti 2018, mwanafunzi wa miaka 13 wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alifariki baada ya kuchapwa, akituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu. Baada ya msiba kama huo, hakuna mzazi anayepaswa kuambiwa kwamba fimbo ni jambo dogo. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001, na shule zake hazikufungwa.

Mwalimu anayetaka kuiacha fimbo ana msaada: Singida ni miongoni mwa mikoa tisa ya mradi wa Shule Bora, ulioanza mwaka 2022 kwa ufadhili wa Uingereza. Kupitia MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, walimu hukutana shuleni kwao na kujadili somo lililowashinda. Umoja wa Wazazi na Walimu nao unaweza kufanya ambalo mwalimu peke yake hawezi: kukubaliana, baada ya mavuno, kila kaya itatoa madebe mangapi ya mahindi kwa ajili ya uji wa saa nne, nani atachochea moto, na nani ataleta maji.