Mona Lisa wa Madrid: nakala iliyodharauliwa yaonyesha siri ya fundi

Kwa miaka mingi, jumba la makumbusho la Prado, mjini Madrid, Hispania, lilitunza nakala ya Mona Lisa bila kuipa uzito. Nyuma ya mwanamke huyo kulikuwa kumepakwa rangi nyeusi tupu. Mwaka 2012, baada ya rangi hiyo kuondolewa, ilionekana milima kama ile ya Leonardo da Vinci iliyoko Louvre, Paris.

Miale ya infraredi ilionyesha zaidi: masahihisho yaliyofichwa chini ya rangi yanafanana katika picha zote mbili. Prado ikakata shauri kwamba mwanafunzi alichora kando ya mwalimu wake, hatua kwa hatua.

Lakini kufuata mistari ni jambo moja, kuiga ngozi ni lingine. Leonardo alipaka usoni rangi nyembamba yenye mafuta, inayopitisha mwanga, tabaka juu ya tabaka, akingoja ikauke. Wataalamu wa Ufaransa walipima mwaka 2010: tabaka moja ni mikrometa 1 hadi 2, na yote pamoja karibu 40. Unywele mmoja ni mnene zaidi.

Mwanafunzi hakufikia hapo. Kingo za uso wake ni kavu. Hata hivyo, nyusi ambazo leo hazionekani Paris, Madrid zimebaki.