Jina Moja Katika Vyeti Vyote: Namna ya Kujiandaa kwa Masomo ya Ng'ambo



Wapendwa waamini, kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotoka na mahafali ya vyuo yanapokaribia, vijana wetu huanza kuuliza swali lile lile: nitafanyaje ili nikasome nje ya nchi? Hapa Kikuyu, jijini Dodoma, swali hilo lina nguvu ya pekee. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohane, cha ndugu zetu Waanglikana, kilianza hapa mwaka 2007 katika majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari Mazengo. Mwaka huo huo kilianzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma. Tangu hapo mitaa yetu imejaa wanafunzi, na wengi wao husali pamoja nasi.

Nyuma ya kila mwanafunzi kuna familia. Wapo wazazi wa Mpwapwa, Kongwa, Bahi na Chamwino waliouza alizeti, zabibu au ng'ombe ili mtoto afike chuoni. Ndoto ya ng'ambo ikija bila maandalizi, mali ya familia hiyo ndiyo hupotea kwanza. Kwa sababu hiyo tumeona vema kueleza, hatua kwa hatua, namna ya kuiandaa safari hii. Bwana wetu alisema habari za mtu atakaye kujenga mnara, kwamba budi aketi kwanza ahesabu gharama (rej. Lk 14:28). Nasi tuketi tuhesabu.

Mwanzo wa yote ni jina

Wengi hudhani kwamba jambo la kwanza ni kutafuta chuo. Sivyo. La kwanza ni kuhakikisha kwamba jina lako na tarehe yako ya kuzaliwa ni vile vile katika nyaraka zote: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, kitambulisho cha Taifa, transkripti ya chuo na pasipoti.

Kwetu Wakatoliki jambo hili lina ugumu wake. Chukueni mfano wa kijana aliyebatizwa kwa jina la Yohane. Mwalimu wa darasa la kwanza akamwandika John. Nyumbani anaitwa kwa jina la babu yake, na alipojiandikisha kupata kitambulisho akatanguliza hilo la babu. Jirani zake wanajua kuwa ni mtu mmoja. Afisa wa ubalozi asiyemjua anaona watu watatu, naye ana haki ya kuuliza. Tofauti ya herufi moja huweza kuchelewesha viza hadi muhula wa masomo ukaanza bila mwenyewe kuwapo.

Dawa yake ni kuanza mapema. Asiye na cheti cha kuzaliwa aombe kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Mtu mzima ambaye hakusajiliwa utotoni huhitaji kuthibitisha kuzaliwa kwake, na hapo cheti cha ubatizo ni mojawapo ya nyaraka zinazosaidia. Sheria za Kanisa zinaagiza kila parokia iwe na daftari la ubatizo (kan. 535), na zinataja mambo yanayopaswa kuandikwa humo: jina la mbatizwa, wazazi, wasimamizi, mahali na tarehe ya ubatizo, pamoja na mahali na tarehe ya kuzaliwa (kan. 877). Kwa familia nyingi za vijijini, daftari hilo ndilo kumbukumbu ya kwanza ya maandishi ya kuwapo kwa mtoto wao duniani.

Tunaomba jambo moja lieleweke. Cheti cha ubatizo ni nakala ya yale yaliyoandikwa katika daftari. Paroko hawezi kubadilisha jina au kupunguza umri ili cheti kifanane na nyaraka nyingine. Kumwomba afanye hivyo ni kumwomba aseme uongo kwa maandishi. Majina yanapotofautiana ipo njia ya halali: hati ya kiapo mbele ya wakili kwa tofauti ndogo, au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kisheria kwa tofauti kubwa. Kwa kawaida ni rahisi zaidi kuzifanya nyaraka nyingine zifuate vyeti vya mitihani ya Taifa kuliko kuvibadilisha vyeti hivyo.

Baada ya hapo omba pasipoti. Maombi huanzia katika mfumo wa mtandao wa Idara ya Uhamiaji, na mwombaji huambatanisha cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa na uthibitisho wa uraia wa mzazi. Usingoje kupata chuo kwanza. Pasipoti hudumu miaka 10, lakini tangazo la ufadhili huweza kudumu wiki chache tu.

Shahada ya kwanza hapa, ya pili huko

Swali la pili ni wakati gani wa kwenda. Ushauri wetu kwa familia nyingi ni huu: kijana amalize kwanza shahada ya kwanza hapa nchini, kisha aombe ufadhili wa shahada ya uzamili. Sababu ni ya kawaida kabisa. Ufadhili mwingi unaogharamia kila kitu umetengwa kwa ajili ya shahada za juu.

Tutaje baadhi. Chevening ya Serikali ya Uingereza hugharamia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Mwombaji hutakiwa awe na uzoefu wa kazi wa saa 2,800, ambao ni kama miaka miwili, naye huahidi kurudi nyumbani kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Dirisha lake mara nyingi hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba. Shirika la DAAD la Ujerumani kwa kawaida hutaka waliohitimu shahada yao ya mwisho ndani ya miaka sita. Ipo Fulbright ya Marekani, na ipo Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya, ambayo humpeleka mwanafunzi katika vyuo vya nchi zaidi ya moja. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola na ule wa Serikali ya China nao hutangazwa na Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, ambayo makao yake yapo hapa hapa Dodoma. Ndani ya Kanisa lipo shirika la KAAD lenye makao yake Bonn, Ujerumani, ambalo huwasaidia wasomi wa shahada za juu kutoka Afrika, Asia, Amerika ya Kusini na kwingineko.

Masharti ya haya yote hubadilika mwaka hadi mwaka. Yasome katika tovuti ya mfadhili mwenyewe, wala usitegemee ujumbe uliosambazwa katika makundi ya simu.

Atakaye kwenda kwa shahada ya kwanza aanzie Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Tume ndiyo huangalia kama chuo cha nje kinatambulika, hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa anayeondoka, na ndiyo itakayotathmini shahada atakaporudi. Inasikitisha kusoma miaka minne ugenini kisha kuambiwa kwamba cheti hakitambuliki nyumbani.

Kalenda ya miezi 18

Anayetaka kuanza masomo mwezi Septemba aanze maandalizi mwezi Machi wa mwaka uliotangulia.

*Machi hadi Juni:* sahihisha majina, pata pasipoti, omba transkripti. Chagua vyuo vitatu au vinne na usome kwa makini sifa wanazotaka.

*Julai hadi Septemba:* fanya mtihani wa lugha iwapo unatakiwa. Matokeo ya IELTS na TOEFL hudumu miaka miwili tu, hivyo usifanye mapema kupita kiasi. Kabla ya kulipa, uliza chuo kama kinakubali barua ya kuthibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza. Vipo vinavyokubali, na barua hiyo huokoa fedha nyingi.

*Septemba hadi Januari:* tuma maombi ya ufadhili na ya udahili. Hapa ndipo barua za mapendekezo huhitajika. Mwendee mhadhiri aliyekufundisha na anayeijua kazi yako, umpe walau wiki tatu, na umpelekee wasifu wako ili awe na la kuandika. Barua ya paroko ni nzuri pale mfadhili anapouliza habari za tabia na utumishi katika jamii. Haiwezi kuchukua nafasi ya barua ya mhadhiri.

*Februari hadi Agosti:* usaili, majibu, kisha viza. Uingereza huwataka waombaji kutoka nchi yetu wapimwe kifua kikuu, na anayejilipia aonyeshe kwamba fedha zimekaa benki siku 28 mfululizo. Ujerumani humtaka anayejilipia aweke fedha za mwaka mzima katika akaunti maalumu. Mwaka 2024 kiasi hicho kilipandishwa hadi euro 11,904. Nchi nyingine hutaka vyeti vithibitishwe na Wizara ya Mambo ya Nje na kisha ubalozi wao. Uliza ubalozini mapema, maana kanuni za viza hubadilika bila kuwasubiri wanafunzi.

Neno kuhusu barua ya kujieleza. Vijana wengi hunakili barua za wenzao zilizojaa maneno makubwa. Wasomaji wa barua hizo wamekwisha kuyaona maelfu ya mara. Aliyekulia Bahi akaona visima vikikauka, na sasa anataka kusomea uhandisi wa maji, ana jambo la kusema ambalo mwingine hawezi kuliiga. Andika hilo kwa lugha nyepesi, ueleze utakachofanya utakaporudi.

Tusiuze ng'ombe kwa ahadi

Tunawageukia sasa wazazi. Wapo mawakala waaminifu, na TCU husajili mawakala wa vyuo vya nje. Mwombeni yeyote anayewajia awaonyeshe usajili wake. Wapo pia matapeli, na dalili zao zinafanana. Huahidi viza, ambayo hakuna awezaye kuiahidi isipokuwa ubalozi. Hutaka fedha zitumwe kwa simu ya mtu binafsi, na hutaka ziletwe leo kwa kisingizio kwamba nafasi zinakwisha. Kumbukeni kanuni hii: mfadhili wa kweli hamtozi mwombaji fedha ili ampe ufadhili. Ada ya maombi ikiwapo, hulipwa kwa chuo chenyewe.

Ipo hatari kubwa kuliko kupoteza fedha. Mwezi Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press lilitoa taarifa juu ya wasichana kutoka nchi za Afrika, zikiwamo Uganda, Kenya na Rwanda, waliovutwa na matangazo ya mitandaoni yaliyoahidi kazi na masomo nchini Urusi, wakajikuta wakiunganisha ndege za kivita zisizo na rubani katika kiwanda cha Alabuga, Tatarstan. Binti akiitwa ng'ambo, familia na iulize: chuo gani, kozi gani, barua ya udahili iko wapi, nani amezungumza na chuo chenyewe? Asiyetaka kuulizwa maswali hayo asiaminiwe.

Kuondoka na kurudi

Kabla ya kuondoka, chukua cheti cha ubatizo na cha kipaimara, uende pia na barua ya utambulisho kutoka parokiani. Vyuo vingi vya Ulaya na Amerika vina mapadri walezi wa wanafunzi Wakatoliki. Watafute katika wiki ya kwanza, kabla upweke haujakutangulia. Na utakapotaka kufunga ndoa, jua kwamba huhitajika cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, kwa kawaida ndani ya miezi sita. Usikate mawasiliano na parokia ulikobatizwa.

Tunaye wa kumtazama. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye sasa Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, alisoma kwanza Makerere, akafundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Padri Richard Walsh wa Shirika la Wamisionari wa Afrika alimtia moyo kuendelea na masomo, naye mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Alihitimu shahada mwaka 1952, akarudi, akaenda kufundisha Pugu. Utaratibu wake ndio tunaoupendekeza: alisoma karibu na nyumbani, akafanya kazi, akaenda mbali, kisha akarudi kuwafundisha wengine. Miaka miwili tu baada ya kurejea, TANU ikazaliwa.

Si kila kijana wa Kikuyu atakwenda ng'ambo, wala asiyekwenda hajapungukiwa kitu mbele za Mungu. Lakini yule anayetamani kwenda asizuiliwe na herufi moja katika cheti, wala wazazi wake wasibaki bila ng'ombe na bila mtoto. Wiki hii, ndugu mzazi, toa vyeti vyote vya mwanao sandukuni, uvipange mezani, usome majina. Vikitofautiana, safari yake imeanza hapo.

Mama Maria, Kikao cha Hekima, awaombee vijana wetu wote walio masomoni.