JE, WAJUA? Muziki na Mafaili Nyumbani Bila Kula Bando

Je, wajua kuwa bando likiisha, ruta yako bado ina kazi ya kufanya? Simu, kompyuta na televisheni zilizo kwenye Wi-Fi moja zinaendelea kuonana. Faili likitoka kompyuta ya sebuleni kwenda simu ya chumbani halifiki kwenye mnara wowote, wala halikugharimu hata megabaiti moja. Hata hivyo, utawakuta ndugu wawili kwenye kochi moja wakitumiana video ya harusi kwa WhatsApp. Huyu analiwa bando kwa kuipandisha, yule kwa kuishusha!

Je, wajua kuwa kwa mtandao wa nyumbani muziki ni mzigo mwepesi? Sauti ya CD inahitaji kilobiti 1,411 kwa sekunde, na MP3 nzuri kabisa 320. Hata Wi-Fi ya mwaka 1999, ile ya megabiti 11, ingeumudu. Kwa hiyo spika ikikatakata, usikimbilie kulaumu kasi. Uliza kwanza ruta imewekwa wapi.

Wanaoificha nyuma ya televisheni au juu ya friji wanajinyima wenyewe, maana chuma huzuia mawimbi. Tangi la maji nalo huyanyonya. Katika nyumba za Mji Mkongwe, Zanzibar, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, ruta moja ya chini ni nadra kutosha hadi ghorofa ya juu. Huko dawa ni kupandisha waya ngazini na kuweka kifaa cha pili juu.

Je, wajua kuwa jiko la maikrowevu hutumia masafa yale yale ya gigahezi 2.4? Chakula kikipashwa moto, wimbo unaweza kukwama. Gigahezi 5 hazina ugomvi huo na zina kasi zaidi, ila ukuta huzichosha mapema.

Na kwenye 2.4, chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Anayechagua 3 akidhani amejitenga anagombana na majirani wa pande zote mbili.

Je, wajua kuwa wanaastronomia wana mkono katika Wi-Fi? John O'Sullivan na wenzake wa shirika la CSIRO, Australia, walitumia hesabu zilizotokana na kutafuta ishara za redio za mashimo meusi ili kuondoa mwangwi wa mawimbi yanayogonga kuta za ndani. Hataza yao ya Marekani ilitolewa mwaka 1996.

Je, wajua kuwa kuhamisha faili kati ya kompyuta mbili zilizo kwenye Wi-Fi huchukua karibu muda maradufu? Data inapanda kwenye ruta, kisha inashuka, na safari zote mbili zinagombea hewa ile ile. Filamu ya gigabaiti 1.5, kwa kasi halisi ya megabiti 40, ingechukua dakika 5. Hapo hesabu kama 10. (Kumbuka megabiti 8 ndizo megabaiti 1. Wauzaji hupenda kutangaza namba kubwa.) Kompyuta yenye hazina ya mafaili ichomekwe kwenye ruta kwa waya, na simu ndizo zibaki hewani.

Ruta nyingi zina tundu la USB. Chomeka diski ya nje, washa huduma ya kushiriki mafaili kwenye mipangilio, kisha fungua VLC kwenye simu: albamu zako zote hizo hapo.

Spika haionekani kwenye simu? Tazama kama umeingia mtandao wa wageni. Kwa kawaida huo huvizuia vifaa visionane, na ndivyo unavyotakiwa kuwa.

Kabla hujatoa pesa kununua ruta ya antena sita, nunua waya wa mtandao wa mita 10 na uihamishe uliyonayo katikati ya nyumba.