Safu ya Pili: Simu, Hadithi na Msikilizaji

Wengi wetu katika idara ya lugha za Kiafrika tunakusanya data kwa simu. Vinasa sauti vya kitaalamu hatuna, na kwa kweli simu inatosha: sauti inatoka safi, faili linahamia kwenye kompyuta bila shida. Nami, kwa kazi yangu ya mwisho wa masomo juu ya hadithi za Kalulu, yule sungura mjanja wa huku Katanga, nilichukua simu nikaenda Kipushi, kilomita kama 30 kutoka Lubumbashi, kwa kambo yangu. (Kambo ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu, msomaji aliyezoea Kiswahili cha vitabuni asifikiri ni mama wa kambo.) Nikaiweka simu juu ya kigoda katikati yetu, nikabonyeza, kambo akaanza.

Hadithi ilichukua dakika 12. Kuiandika neno kwa neno kulinichukua karibu juma zima, kwa sababu ya umeme na kwa sababu ya kazi yenyewe. Nilitumia programu ya ELAN, ambayo hupanga maneno kwa safu chini ya mstari wa wakati, kila msemaji na safu yake. Safu ya kwanza ilikuwa ya kambo. Ya pili nilijipa mimi, kwa kufuata utaratibu tu, nikidhani itabaki tupu.

Haikubaki tupu. Kila baada ya sekunde chache nimo: "ee", "mm", "iii!", "na fisi je?". Vitabu vya shule vilitufundisha kwamba hadithi hufunguliwa kwa "Paukwa!" na kuitikiwa "Pakawa!", lakini hiyo ni desturi ya pwani. Kwa kambo hakuna mlango wa namna hiyo. Mwitikio umetawanyika ndani ya hadithi nzima, kidogo kidogo, na mimi mwenyewe sikujua kwamba ninautoa.

Halafu, baada tu ya dakika ya 11, safu yangu inakatika. Sekunde 40 hakuna hata "mm". Nakumbuka kilichotokea: ujumbe ulipita juu ya kioo, mwenzetu mmoja wa darasa akiuliza kama mtihani umeahirishwa. Sikujibu, wala sikuigusa simu. Nilisoma tu, nikaanza kufikiria mtihani.

Sasa tazama safu ya kwanza mahali hapohapo. Kabla ya hapo kambo anaigiza: fisi ana sauti yake nzito, Kalulu ana yake ya puani, vitenzi vinarudiwa mara tatu tatu, tanakali za sauti zimejaa. Baada ya hapo sentensi zinafupika. Fisi na Kalulu wanaanza kusema kwa sauti moja. Na mwisho, ambao ndio utamu wa hadithi, anaumaliza hivi: "Bon, njo vile balimukamata. Inaisha." Kisha, bila hasira yoyote: "Bantu beko mingi mu ile telefoni yako. Sema nabo kwanza."

Nilipoisikia rekodi niliona aibu, lakini kama mwanafunzi wa isimu nilitaka pia kujua ni nini hasa kilichokatika. Mwaka 1970 Mmarekani Victor Yngve alizipa sauti hizi ndogo jina lenye maana ya njia ya nyuma: msemaji ameshika zamu, na msikilizaji, bila kumnyang'anya zamu hiyo, anamrudishia habari kwa mlango wa uani. Wengine walizichukulia kama adabu tu. Mwaka 2000, huko Kanada, Janet Bavelas, Linda Coates na Trudy Johnson walichapisha majaribio yanayoonyesha kwamba ni zaidi ya adabu. Watu waliombwa kusimulia tukio ambalo waliponea chupuchupu. Baadhi ya wasikilizaji walipewa kazi ya siri: kubonyeza kitufe kila wanaposikia neno linaloanza kwa herufi t. Hao walishindwa kushtuka penye kushtusha na kukunja uso penye maumivu. Na waliowasimulia walisimulia vibaya zaidi, hasa mwishoni: wengine walikatisha ghafla, wengine walizunguka wakirudia kilele na kukieleza kama watu wanaojitetea.

Jambo linalonigusa ni hili: wasikilizaji wale hawakuwa wamefunga masikio. Walisikia maneno kwa makini sana, hata herufi zake. Walichoacha kufuata ni maana.

Ndiyo maana siwezi kuulaumu ule ujumbe peke yake. Kulikuwa na kosa lililoutangulia. Nilijiruhusu kusoma kwa sababu moyoni nilijiambia, "Simu inanasa, nitasikiliza baadaye." Nilikuwa nimekiachia kinasa sauti kazi ya kusikiliza, nacho hakijui kusema "ee".

Wenzangu wanaojiandaa kwenda uwanjani, nawaambia ninavyofanya sasa. Naiweka simu katika hali ya ndege. Kinasa sauti hakihitaji mtandao, na hakuna anayeweza kupiga katikati ya hadithi. Kioo kinatazama chini. Siandiki chochote wakati wa kusimuliwa, hata kama neno ni geni na linaniwasha. Na siketi peke yangu mbele ya kambo: naita watoto wa jirani, kwa kuwa mtoto akichoka anaonekana, na kambo anajua mara moja kwamba inabidi amgeuze fisi sauti.

Nilirudi Kipushi baada ya miezi miwili, nikaomba hadithi ileile. Safari hii ilichukua dakika 19. Kalulu alikamatwa kama mara ya kwanza, lakini akaomba acheze kidogo kabla ya kuuawa. Kambo akaanzisha wimbo wa Kilamba, watoto wakaupokea, duara la wanyama likalegea kwa kucheza, naye Kalulu akachomoka. Wimbo ule haumo kabisa katika rekodi ya kwanza.

Mwalimu anayeniongoza aliuliza ni ipi kati ya hizo mbili itakayoingia katika kazi yangu. Nimeziweka zote, na chini ya kila moja nimeacha safu ya pili kama ilivyo, pamoja na zile sekunde 40.