Ufungaji wa Nyaya za Usukani wa Mkia katika Ndege Iliyoundwa Nyumbani: Athari za Joto na Unyevu katika Mwambao wa Ziwa Victoria, Mwanza

Makala haya yanafafanua ufungaji wa nyaya za chuma zinazounganisha pedali za rubani na usukani wa mkia. Alumini hutanuka takribani mara mbili ya chuma cha kawaida. Hivyo, katika ndege yenye kiunzi cha alumini, nyaya zilizokazwa asubuhi ya ubaridi jijini Mwanza huzidi kukaza jua la mchana linapoipasha ndege. Mkazo ukizidi, makapi huchakaa na pedali huwa nzito. Ukipungua, usukani hulegea. Kwa hiyo, mkazo hupimwa kwa kuzingatia jotoridi, skrubu za kukazia hufungwa kwa waya wa usalama, na unyevu wa ziwa hudai ukaguzi wa kutu. Hatimaye, pedali ya kushoto ikikanyagwa, usukani sharti uelekee kushoto. Kinyume cha hapo, ndege isiruke.