Upya wa utafiti wako uko wapi?



Mwaka juzi nilirudishiwa makala. Nilikuwa nimeandika, kwa raha zangu, kwamba "hakuna mtafiti aliyewahi kulichunguza suala hili." Msomaji wa jarida akajibu kwa mstari mmoja: lilishachunguzwa Dar es Salaam, kwa Kiswahili, kabla mimi sijamaliza udaktari. Niliona haya. Mimi ninayelalamika kila mkutano kwamba Wazungu hawasomi kazi zetu, kumbe nami nilitafuta kwa Kiingereza tu, kwenye kompyuta, nikaridhika.

Basi neno "wa kwanza" liogopeni. Kazi inaweza kuwa mpya bila wewe kuwa wa kwanza. Tazameni mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa. Yalikusanywa karne ya 19 na Mwalimu Sikujua pamoja na W. E. Taylor, na Hichens akayachapa mwaka 1940. Profesa Mohamed Abdulaziz alipotoa kitabu chake mwaka 1979, Muyaka hakuwa mgeni kwa wasomi. Sasa upya ulikuwa wapi? Aliyarudisha mashairi mjini kwake, katika ugomvi wa Mazrui na Sayyid Said na katika maisha ya watu wa Mombasa, akayatafsiri na kuyafafanua. Mashairi ni yale yale, swali ni jingine. (Na angalieni: anayetajwa sana ni Taylor, si Sikujua. Ukiandika "nimekusanya", hakikisha si bibi yako aliyekusanya, wewe ukashika kinasa sauti tu.)

John Swales alionyesha mwaka 1990 jinsi utangulizi wa makala unavyokwenda: unaeleza uwanja, unaonyesha pengo, kisha unaliziba. Wengi wetu tunaishia kwenye pengo. Lakini pengo peke yake si hoja. Hakuna aliyeandika juu ya vifungo vya kanzu ya babu yangu. Nani amepata hasara? Lazima useme kwa kutojua hilo tumekosea nini.

Kuna na ugonjwa wa upande wa pili, nao ni malezi. Tumefunzwa kwamba kujisifu ni aibu, kwa hiyo tunaandika "imebainika kwamba", na msomaji hajui imebainishwa na nani: wewe, au yule uliyemnukuu juu yake? Andika "nimeona". Huko si kujisifu, ni kubeba lawama pia ukikosea.

Badala ya "utafiti huu ni wa kipekee", jaribu kitu kama hiki: "Fulani alitumia hati za Mombasa; mimi nimezilinganisha na tatu za Siu, na katika mbili mpangilio wa beti ni tofauti. Hati hizi hazitoshi kusema lolote kuhusu Pate." Sentensi ya mwisho ndiyo tunayoiogopa, maana inaonekana kama kujipunguzia. Mimi nikiwa msomaji wa jarida, hiyo ndiyo inayonifanya niziamini zilizotangulia.

Ile makala ya Dar es Salaam nilitolewa kopi na rafiki, nikaisoma yote. Dai langu limepungua, limebaki kama robo hivi. Nimeiandika upya yangu na kuipeleka jarida lile lile.