Njugu ya Alba na Njugu ya Embu

Chokoleti za Ferrero, zile za mviringo zilizovikwa karatasi ya dhahabu, huonekana hata katika maduka ya Mombasa. Azionaye hudhani zimezaliwa katika utajiri. La, zimezaliwa katika dhiki.

Mwaka 1946, vita vikuu vimekwisha, kakao ilikuwa adimu na ghali huko Italia. Katika mji wa Alba, Bwana Pietro Ferrero, mpishi wa keki, alitazama vilima vya kwao vilivyojaa miti ya njugu ziitwazo hezeli. Akazisaga, akazichanganya na sukari na kakao kidogo, akapata kipande cha kukatwa kwa kisu na kuliwa kwa mkate. Alifariki mwaka 1949. Mwanawe, Michele, akaiendeleza kazi: mwaka 1964 akatoa Nutella ya kupaka, na mwaka 1982 Ferrero Rocher, hiyo ya karatasi ya dhahabu, yenye hezeli nzima katikati. Ama Mon Chéri ya mwaka 1956, Muislamu na ajihadhari nayo: ndani mna pombe.

Mwaka uo huo wa 1946, mbegu za makadamia kutoka Australia zilipandwa karibu na Thika. Leo mti huo umestawi Embu na Meru, kando ya mibuni na michai, katika miteremko ya Mlima Kenya. Njugu yake ina mafuta mengi, na watengenezaji wa chokoleti huipenda. Lakini kwa miaka mingi mkulima aliiuza na ganda lake kwa dalali, ikapakiwa melini kwenda kubanguliwa ng'ambo. Akiogopa wezi, huichuma ingali changa. Nayo njugu changa haina mafuta ya kutosha, bei ikaanguka. Ndipo mwaka 2009 ikatungwa sheria ya kukataza njugu ghafi kusafirishwa.

Sisi watu wa pwani tusiwacheke wenzetu wa bara. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilipofungwa katika miaka ya 1990, mikorosho ilibaki, kazi ikaondoka.

Alba haikuishinda Embu kwa rutuba ya udongo. Iliishinda kwa kuweka kiwanda karibu na shamba. Akili ni mali, walisema wahenga: mwenye kupanda hupata posho, na mwenye kubangua, kukaanga na kufunga karatasi ya dhahabu ndiye apataye faida.